Kozi za wikendi za zimamoto na EMT Marekani: mwongozo kwa mwenye kazi ya Jumatatu hadi Ijumaa

Watu wakisikia kwamba mimi ni EMT, yaani mhudumu wa tiba ya dharura wa kwenye ambulensi, kwenye kikosi cha zimamoto cha kujitolea hapa Maryland, swali la kwanza huwa: "Sasa kazi yako ya kila siku uliiacha?" Sikuiacha. Nilisoma nikiwa nahudumu kwenye nyumba ya kutunzia wazee, zamu tano kwa wiki, na darasa langu lilikuwa Jumamosi na Jumapili. Kilichonitoa jasho si siku hizo mbili. Ni zile tano za katikati, na hilo ndilo nataka ulijue kabla hujatoa hata dola moja.

Marekani, zaidi ya nusu ya wazimamoto ni watu wa kujitolea. Mchana ni mafundi bomba, walimu, madereva wa malori. Simu ya dharura ikiingia usiku, ndio hao hao wanaopanda gari la zimamoto. Watu wa namna hiyo hawawezi kukaa darasani Jumatatu asubuhi, kwa hiyo sehemu kubwa ya mafunzo yao imepangwa jioni na wikendi. Usiingie ukijiona unaomba upendeleo. Darasa la Jumamosi liliwekwa kwa ajili ya mtu mwenye ratiba kama yako.

Hesabu ya saa

Njia ni mbili, na vituo vingi vya zimamoto huwa vinataka ushike zote. Ya zimamoto huanza na kozi iitwayo Firefighter I: mipira ya maji, ngazi, kuvunja mlango, kutafuta mtu ndani ya moshi, na mwishoni moto wa kweli ndani ya jengo la mazoezi. Ya tiba ya dharura ina ngazi nne, kutoka chini kwenda juu: EMR, EMT, AEMT na paramedic. EMR ni fupi, na inafaa kwa anayetaka kujipima kwanza. EMT ndiyo inayokuweka kwenye ambulensi, na ndiyo wengi wetu tunaanza nayo.

Kozi ya EMT huchukua kati ya saa 150 na 190. Tuseme 160. Ukisoma saa 8 Jumamosi na saa 8 Jumapili, ni wikendi 10. Ukisoma Jumamosi peke yake, ni 20, karibu miezi mitano. Hapo bado hujahesabu kitabu, ambacho ni kinene kuliko tofali, na jaribio la kila wiki. Mimi nilisoma kwenye basi, nikasoma kwenye mapumziko ya zamu, na nikakaa na mwenzangu nyumbani tukakubaliana nani atawapeleka watoto kwenye mpira kwa miezi hiyo. Niliona wenzangu wenye akili nzuri kabisa wakiacha katikati, si kwa ugumu wa masomo bali kwa sababu nyumbani hawakuaga. Aga kwanza.

Kuna sehemu unayoweza kuimaliza hata kabla darasa halijaanza. FEMA, idara ya serikali kuu inayoshughulikia maafa, ina kozi za bure mtandaoni, na IS-100 na IS-700 ndizo vituo vingi huziomba mwanzoni. Zinaeleza nani anatoa amri kwenye tukio na nani anaripoti kwa nani. Zimalize usiku mbili tatu, uhifadhi vyeti.

Utasikia pia habari za chuo cha taifa cha zimamoto kilichopo Emmitsburg, huku huku Maryland, ambacho kimekuwa kikitoa kozi za siku mbili za wikendi bila ada. Ni mahali pazuri, na ndipo palipo na mnara wa kumbukumbu wa wazimamoto waliokufa kazini. Lakini kozi zake ni za watu ambao tayari wako kwenye kikosi. Pitia kituo cha mtaani kwako kwanza, Emmitsburg baadaye, na uhakikishe ratiba ya mwaka huo.

Makaratasi, na suala la kifua kikuu

Watakuomba cheti cha sekondari, kitambulisho, uchunguzi wa rekodi ya polisi, rekodi ya udereva, chanjo ya homa ya ini B, kadi ya CPR (kumfufua mtu ambaye moyo umesimama) ya watoa huduma na kipimo cha kifua kikuu. Hapo kwenye kipimo wengi wetu tunapigwa chenga. Wengi tuliozaliwa Afrika Mashariki tulichanjwa BCG, chanjo ya kifua kikuu, tukiwa wachanga. Kovu lile la begani ndilo hilo. Kipimo cha kuchoma sindano kwenye ngozi ya mkono kinaweza kuvimba kwa sababu ya chanjo hiyo, na mtu mzima wa afya akaambiwa ana maambukizi, akaanza kuzungushwa kwenye eksirei wiki nzima huku darasa likimpita. Waambie mapema kwamba ulipata BCG, na uombe kipimo cha damu. Hicho BCG haikichanganyi. Mimi sikuambiwa. Nilikosa wikendi ya kwanza, na ilinibidi nilipie somo hilo tena.

Uliye na viza ya masomo, kaa na ofisi ya wanafunzi wa kimataifa chuoni kabla hujajaza fomu yoyote. Kujitolea bure na kupokea posho, hata iwe ndogo, ni mambo mawili tofauti mbele ya uhamiaji.

Wasabato, chagueni kozi ya jioni za katikati ya wiki au ya Jumapili. Zipo, ila lazima uulize kabla hujajiandikisha. Waislamu, angalieni kalenda: siku ya moto wa kweli unavaa mavazi mazito, unabeba mtungi mgongoni, na mwili unapoteza maji kwa kasi ya kutisha. Ikiangukia Ramadhani, mwombe mkufunzi tarehe nyingine, na mwombe mapema. Kuhusu ndevu na hijabu, kanuni ni moja: hakuna kitu kinachoruhusiwa kukaa kati ya mpira wa barakoa ya hewa na ngozi ya uso. Ndevu zinazopita hapo hazikubaliki. Hijabu ni jambo la kuzungumza na mkuu wa kituo ana kwa ana, kwa sababu zipo za kitambaa kisichoshika moto, na inategemea namna inavyokaa chini ya barakoa na kofia. Upande wa ambulensi hakuna shida ya namna hiyo kwa kazi nyingi za kila siku.

Ndani ya barakoa

Nikuoneshe zoezi moja. Walitufunika vioo vya barakoa tusione kitu, wakatuingiza kwenye chumba tusichokijua, tukawa tunatambaa tukifuata mpira wa maji kwa mkono. Ndani ya barakoa sauti pekee ni pumzi yako mwenyewe. Mpira umejikunja, umepita chini ya meza, umejirudia juu yake wenyewe, na baada ya dakika chache hujui tena mlango uko wapi. Dawa yake ni vidole. Unapapasa mpaka unafika kwenye kiungo cha chuma, unatafuta vinundu vyake ukiwa umevaa glavu nene: upande mmoja vinundu ni virefu, na upande huo ndio unaoelekea nje. Mara ya kwanza nilishika kiungo, nikajiaminisha, nikatambaa kuelekea ndani zaidi mpaka kengele ya hewa kupungua ikaanza kulia. Mkufunzi hakunifokea. Alinirudisha mpaka kwenye kiungo kile kile, akanishika mkono, akaupitisha juu ya vinundu taratibu mara tatu. Mpaka leo nikishika mpira popote, kidole kinatafuta vinundu chenyewe.

Ukitaka ajira ya kulipwa ya zimamoto, majiji mengi hutumia kipimo cha mwili kiitwacho CPAT: majaribio manane mfululizo, dakika 10 na sekunde 20, ukiwa na fulana ya kilo 23 hivi, na kwenye ngazi wanakuongezea kilo 11 nyingine. Anza kupanda ngazi na mzigo miezi kadhaa kabla. Kukimbia peke yake hakutoshi.

Kiswahili chako ni kifaa

Wengi wanaogopa Kiingereza. Kweli, redioni unatakiwa kusema kwa ufupi, na namba za nyumba na majina ya dawa lazima yatoke bila kusitasita. Zoea kwa sauti ukiwa peke yako kwenye gari: soma bango la mtaa, namba, kisha sema kana kwamba unaripoti. Baada ya mwezi ulimi unalegea.

Lakini lipo jambo ambalo darasa zima hawana isipokuwa wewe. Usiku mmoja tuliitwa kwenye fleti; mama mtu mzima aliyekuja kuwatembelea wanawe alikuwa hawezi kulala. Mjukuu wa miaka kumi ndiye aliyekuwa mkalimani. Bibi alisema ana kichomi. Mtoto akatafsiri alivyoweza, kwamba bibi anaungua, na mwenzangu akaanza kumkagua mikono akitafuta alama ya moto. Nikapiga goti mbele yake. "Shikamoo mama." "Marahaba mwanangu." "Kichomi kiko wapi?" Akaweka kiganja chini ya titi la kushoto. "Hapa, nikivuta pumzi." Ndani ya nusu dakika tulijua tunapeleka hospitali mtu mwenye maumivu ya kifua. Zaidi ya hapo siwezi kueleza, siri ya mgonjwa ni siri. Lakini ndani ya ambulensi ile, bila mtu anayejua kichomi ni nini, tungepoteza muda ambao mama yule hakuwa nao wa kupoteza. Na wazee wetu wangapi hawapigi 911, namba ya dharura ya huku, kabisa, kwa sababu hawajui wataeleza nini?

Mtihani na fedha

Ukimaliza kozi unafanya mtihani wa NREMT, sajili ya taifa ya wahudumu wa dharura, kwenye kompyuta: maswali kati ya 70 na 120, saa mbili, ada dola mia moja na kidogo. Kompyuta huchagua swali linalofuata kulingana na ulivyojibu, kwa hiyo mmoja hufungiwa kwenye la 70 na mwingine huenda mpaka 120. Kufungiwa mapema si dalili ya kufaulu wala ya kufeli, usitoke unalia. Ukianguka unasubiri siku 15 ujaribu tena. Ukishapata, unahuisha kila baada ya miaka miwili kwa saa 40 za mafunzo ya kujiendeleza, nazo pia zinapatikana wikendi. Jimbo lako nalo lina leseni yake. Cheti cha NREMT peke yake hakikupi ruhusa ya kufanya kazi.

Ukijiunga na kikosi cha kujitolea, mara nyingi kozi kinakulipia chenyewe, na wewe unalipa kwa zamu. Ukijilipia chuoni, uliza bei yote: ada, kitabu, sare, kifaa cha kupimia presha. Na nikwambie ukweli: mshahara wa EMT si mkubwa. Mwenye leseni ya uuguzi anamzidi. Usiingie kwa ajili ya pesa ya haraka.

Kama bado huna uhakika, anza na kozi ya kuzuia damu, Stop the Bleed. Ni saa moja hivi, mara nyingi ni bure, na inakufundisha kubana jeraha, kujaza kitambaa ndani yake na kufunga mkanda wa kuzuia damu. Hiyo ndiyo niliyoifundisha ndugu zangu Morogoro likizo iliyopita, chini ya mwembe, kwa khanga kuukuu na mguu wa binamu. Cheti cha huku hakikupi ruhusa ya kutibu kule, lakini kumwonesha dereva wa bodaboda pa kubana damu hakuhitaji leseni.

Wiki hii fanya hivi. Tafuta kituo cha kujitolea kilicho karibu na unapoishi, uliza usiku wao wa mazoezi ni lini. Vingi vina usiku mmoja maalumu kila wiki. Nenda mwenyewe, saa moja kasorobo jioni, na viatu vilivyofunika miguu. Mlango mkubwa wanaotokea magari huwa wazi. Sema jina lako, sema unaishi wapi, sema wikendi ndiyo nafasi yako. Watakupa fomu, na pengine watakupa ncha moja ya mpira uwasaidie kuukunja.