Kishikwambi kipya? Ulizia laini kwanza

Hela ya korosho ikiingia, wengi huku Mtwara tunatamani kishikwambi kilichotoka juzi. Ndugu zangu, ulizeni kwanza kama kinaingia laini. Toleo lilelile mara nyingi huja kwa namna mbili, na lile la bei nafuu ni la Wi-Fi tu. Sasa kijijini Tandahimba au Newala, Wi-Fi utaitoa wapi? Utategemea kurusha intaneti kutoka kwenye simu yako, na chaji ya simu inaisha upesi. Chenye laini kina IMEI, yaani namba ya utambulisho wa kifaa: itume kwa SMS kwenda 15090 kabla hujalipa, ujue kama ni halali. Hifadhi ya GB 32 iache, mfumo wenyewe unakula sehemu kubwa. Kama huna haraka, subiri bei ishuke na mafundi wapate vioo vyake.