Kabla hujalipia chumba Venezia, uliza kuna madaraja mangapi

Nimekuwa fundi wa injini kwenye vivuko vya Ziwa Victoria kwa miaka 22. Nilipoambiwa kwamba Venezia, kule Italia, ni mji ambao watu wake wanakwenda kazini kwa boti, sikuona cha kunitisha. Wasiwasi wangu ulikuwa kwa mama. Ana miaka 74, kazaliwa na kukulia kisiwani Ukerewe, na goti lake la kushoto huwa linagoma akipanda ngazi. Lakini binti yetu mkubwa anasoma Padova, nusu saa kwa treni kutoka Venezia, na alitupigia simu akasema, "Baba, nikimaliza chuo mkiwa hamjaja, hamtakuja tena." Basi tukaenda mwishoni mwa Septemba: mimi, mke wangu, mama, na wadogo wawili wa binti huyo, wa miaka 9 na 13. Haya nayaandika kwa familia ya Mwanza, Musoma au Bukoba inayotaka kwenda na mzee na watoto kwa pamoja. Maelezo mengi niliyosoma kabla ya safari yameandikwa na vijana wenye begi moja mgongoni, na hayo hayakutusaidia.

Kuhusu viza sitasema mengi. Ni ya Schengen, viza moja ya nchi nyingi za Ulaya, maombi yanapelekwa Dar es Salaam, na yanapokelewa kuanzia miezi 6 kabla ya safari mpaka siku 15 kabla. Ninyi msingoje siku hizo 15. Bima ya safari iwe ya kuanzia euro 30,000. Alama za vidole huchukuliwa kwa kila mwenye miaka 12 na kuendelea, kwa hiyo hesabuni mapema nauli ya kwenda Dar na kurudi. Kwa mama tuliambatanisha hati ya kiwanja chake na barua ya mwaliko ya mjukuu wake.

Sasa madaraja. Mji wa Venezia umekaa juu ya visiwa vidogo zaidi ya 100, na madaraja yake yanapita 400. Karibu yote yana ngazi, unapanda upande huu na kushuka upande ule, kwa sababu lazima boti zipite chini. Hakuna gari, hakuna bodaboda, hakuna bajaji. Mzigo wako ni mikono yako.

Chumba tulichopanga kiliandikwa kwamba kipo dakika kumi kutoka stesheni ya treni. Ni kweli, kwa mwenye miguu ya miaka 20. Katikati kulikuwa na madaraja saba. Nilibeba begi la mama nikalivusha, nikarudi kuchukua langu, huku mke wangu amemshika mama mkono, ngazi moja, wanapumzika, ngazi nyingine. Kufika mlangoni alikuwa kama aliyepandishwa kilima cha Isamilo mara saba. Hakulalamika, na hilo ndilo lililoniuma zaidi. Kesho yake asubuhi nikatoka peke yangu kutafuta mkate, nikakuta kituo cha boti nyuma ya nyumba ile ile, hatua mia moja hivi, bila daraja hata moja.

Kwa hiyo kabla hujatoa hela, mwandikie mwenye nyumba umuulize mambo matatu: kituo cha boti kilicho karibu kinaitwaje, kutoka hapo mpaka mlangoni kuna madaraja mangapi, na chumba kiko ghorofa ya ngapi. Akijibu la kwanza tu, rudia mengine mawili. Nyumba za kule ni za zamani na nyingi hazina lifti. Bei zikiwashinda, laleni Mestre, upande wa bara. Treni ni kama dakika kumi. Au laleni Lido, kisiwa kirefu chenye barabara tambarare, mabasi na ufukwe, ambako mtu wa goti anatembea bila shida.

Kuna ada ya kuingia mjini kwa wanaokuja asubuhi na kuondoka jioni. Inatozwa siku maalumu tu, hasa miezi ya kuanzia Aprili mpaka Julai, na mwaka 2025 ilikuwa euro 5 kwa aliyelipa mapema na euro 10 kwa aliyechelewa. Walio chini ya miaka 14 hawalipi. Anayelala ndani ya manispaa ya Venezia, Mestre ikiwemo, halipi ada hiyo, ila anajiandikisha mtandaoni kuonyesha kwamba amelala huko, na analipa kodi ya wageni palepale alipofikia.

Tiketi ya boti inunuliwe siku ya kwanza, mkiwa bado stesheni. Boti za abiria wanaziita vaporetto, na ndiyo daladala za mji: zina namba, zina vituo, na jioni zinajaa watu wamesimama. Tulipokuwa kule, safari moja ilikuwa euro 9.50 kwa dakika 75, lakini tiketi ya siku tatu ilikuwa euro 45, na ukishaipata unapanda na kushuka unavyotaka. Watoto chini ya miaka 6 ni bure. Kuanzia miaka 6 mpaka 29 kuna kadi yao inayopunguza bei ya tiketi ya siku tatu; ulizeni dirishani, wakati mwingine hawakwambii usipouliza. Kila mnapopanda, gusisheni tiketi kwenye mashine mpaka ilie, hata kama mligusisha asubuhi. Wakaguzi wapo na faini ni kubwa.

Ukitoka nje ya stesheni unashuka ngazi pana na mbele yako ni maji, Mfereji Mkuu wenyewe, unaojikunja katikati ya mji kwa karibu kilomita 4. Pandeni namba 1, ile inayosimama kila kituo. Wenye haraka wanaikwepa. Ninyi ikaeni mpaka mwisho, karibu saa nzima, maana hakuna njia rahisi zaidi ya kumwonyesha mzee mji huu bila kupanda ngazi. Mtapita chini ya daraja la Rialto, la mawe, lililokamilika mwaka 1591. Mtaona boti ya taka, boti ya wagonjwa, boti imebeba mashine ya kufulia na sofa. Mwanangu wa miaka 9 alihesabu boti mpaka akafika 140, akalala.

Mimi nilikuwa naangalia maji. Mtu wa ziwani anaposikia mji upo majini anafikiria maji kama yetu, yanayopanda mwaka wa mvua nyingi na kushuka mwaka wa ukame. Kule ni wangwa, ghuba ya bahari yenye kina kifupi, na maji yanapanda na kushuka kila siku. Ndiyo sababu njia za boti zimewekewa alama kwa nguzo za mbao zilizofungwa tatu tatu. Nahodha akitoka nje ya nguzo hizo anakwama kwenye tope. Kwa familia, jambo la kukumbuka ni ngazi zinazoshuka mferejini. Angalieni rangi yake. Sehemu iliyo kavu na nyeupe maji hayafiki, lakini iliyo na kijani ni utelezi kuliko mawe yetu ya Bwiru, na watoto wanavutiwa kukaa hapohapo kwa ajili ya picha. Sisi tulikuwa na sheria moja: hakuna anayekanyaga kijani.

Kuanzia Oktoba mpaka majira ya baridi kuna siku maji hupanda kuliko kawaida na kuingia mjini. Novemba 12, 2019 yalifika sentimita 187 juu ya kipimo chao, na mwaka 1966 yalifika 194. Tangu Oktoba 2020 wana malango 78 ya chuma yaliyolazwa chini kwenye midomo ya wangwa. Utabiri ukiwa mbaya yanajazwa hewa na kuinuka kuzuia bahari. Lakini sehemu za chini, kama uwanja wa San Marco, bado zinaweza kulowa kidogo, kwa hiyo mkienda miezi hiyo bebeni viatu visivyoogopa maji.

San Marco nendeni mapema asubuhi. Kanisani wanataka mabega na magoti yafunikwe, na hapo khanga mbili za mama zilifanya kazi kuliko koti lolote. Mnara wa kengele una urefu wa karibu mita 99 na una lifti mpaka juu. Ule wa zamani ulianguka mwaka 1902 wakaujenga upya palepale, ukamalizika 1912. Mama alipanda, na toka juu akaona kilichonichukua siku nzima kumweleza: kwamba visiwa ni vingi, na kwamba mji wenyewe ni kundi mojawapo tu.

Visiwa ndivyo vilivyotupeleka, na hapo ndipo nakushauri utumie siku nzima ya tiketi yako. Panda boti namba 12 kwenye gati za Fondamente Nove, upande wa kaskazini wa mji. Watu wote wanaanza na Murano kwa sababu iko karibu. Fanyeni kinyume: fikeni kwanza Torcello, kisiwa cha mbali, asubuhi kabla ya umati, kisha mrudi taratibu.

Torcello ina wakazi wachache sana leo, lakini hapo zamani maelfu waliishi pale, kabla ya Venezia kuwa na nguvu. Kanisa lake lilianzishwa mwaka 639. Kutoka gatini ni kutembea kama dakika kumi kando ya mfereji mmoja, njia tambarare. Kuna daraja moja la zamani lisilo na kingo, mshikeni mtoto. Ndani ya kanisa, ukuta wote wa nyuma umejaa picha ya Siku ya Hukumu, iliyopangwa kwa vipande vidogo vidogo vya rangi. Mama alikaa mbele yake karibu nusu saa. Akauliza watu wa hapa walikwenda wapi. Binti akamweleza kwamba tope lilijaza njia za maji, kisha malaria ikawamaliza na kuwafukuza waliobaki. Mama akatikisa kichwa, akasema, "Kumbe na wao." Yeye amezika watoto wawili kwa malaria.

Burano ni dakika chache tu kutoka hapo. Nyumba zake zimepakwa kila moja rangi yake, nyekundu, bluu, njano, na kina mama wa pale wana sifa ya kufuma lesi kwa sindano. Kitambaa cha bei ndogo mtaani mara nyingi hakikufumwa pale, kwa hiyo mkitaka cha kweli, tazameni kwanza makumbusho ya lesi ndipo muende dukani. Kuanzia saa tisa alasiri foleni ya boti ya kurudi inakuwa ndefu; sogeeni gatini mapema.

Murano iwe ya mwisho. Mwaka 1291 serikali ya Venezia iliamuru tanuri za vioo zihamishiwe kisiwani humo, kwa hofu ya kuunguza mji. Maonyesho ya kupuliza vioo ni mafupi na watoto walifurahi, lakini msiache makumbusho ya vioo. Kuna shanga mle. Mama alisimama mbele ya kabati moja, akavua miwani, akaivaa tena. Nyekundu ndogo kama punje za mtama. Akasema bibi yake alikuwa nazo kiunoni. Hakukosea: karne ya 19 shanga za Venezia zilifika Zanzibar kwa marobota, zikapandishwa na misafara mpaka Unyamwezi, Usukuma na ziwani, na kila nchi ilikuwa na rangi inayoitaka, nyekundu waliziita samesame. Msafara ukija na rangi isiyopendwa, haukuuziwa chakula. Kwa mtoto aliyekulia Mwanza, hapo ndipo Venezia inaacha kuwa mbali. Mpeni muda wa kutosha mbele ya kabati hilo.

Chakula hakitawasumbua. Ulizeni polenta: ni ugali, hata mweupe wanao, laini kuliko wetu. Wana dagaa wakubwa waliokaangwa na kulazwa kwenye vitunguu na siki. Mke wangu ameshajaribu nyumbani kwa dagaa wa Mwaloni na siki, na tunakula. Kahawa ya kusimama ni nafuu kuliko ya kukaa. Maji ya kunywa yanatoka kwenye mabomba ya bure mitaani, bebeni chupa.

Gondola ni euro 90 kwa nusu saa mchana, boti nzima, mpaka watu watano. Kama hela ipo, pandeni. Kama haipo, kuna gondola za kuvusha watu Mfereji Mkuu kwa euro 2 kwa kichwa, dakika mbili tatu tu. Sisi tulichukua ya Santa Sofia, inayovuka mpaka soko la samaki la Rialto. Nendeni asubuhi, Jumanne mpaka Jumamosi, siku ambazo samaki wapo. Gondola ina mpiga kasia mmoja na kasia liko upande wa kulia, ndiyo maana mafundi wanaichonga kushoto pana kuliko kulia; ikiwa tupu inalala upande. Kwenye hizo za kuvusha wanakuwa wawili, mbele na nyuma. Wageni walikaa wakashika ubao kwa mikono miwili. Mama alibaki amesimama, miguu ameitanua kidogo, kikapu mkononi, kama anavuka kwenda kisiwa cha Ukara. Mpiga kasia wa nyuma alimtazama, akamwachia. Sarafu muwe nazo mkononi kabla ya kushuka gatini, hawana muda wa kutafuta chenji.