Kazi Viporo: Jinsi ya Kuimaliza Ile Kazi Unayoikwepa

Kila mfanyakazi ana kazi moja anayoizunguka. Mara nyingi wala siyo ngumu kuliko nyingine. Ni ile ambayo ukiifikiria tu kifua kinabana: ripoti usiyojua inaanzia wapi, barua pepe ya mteja aliyekasirika, tathmini ya mwenzako ambaye hutaki kumuudhi. Nimesimamia watu ofisini kwa muda mrefu, na viporo vya namna hii nimevikuta hata kwa wachapakazi hodari, kwa hiyo wanaosema ni uvivu sikubaliani nao. Mvivu hupumzika. Anayekwepa kazi hapumziki hata kidogo: anapanga mafaili, anajibu kila ujumbe, anahudhuria kila kikao, na jioni anarudi nyumbani hoi.

Watafiti Fuschia Sirois na Timothy Pychyl waliandika mwaka 2013 kwamba anayeahirisha kazi anatafuta nafuu ya moyo ya papo kwa papo. Ukiisogeza kazi mbele unapumua leo, na mzigo anaachiwa wewe wa kesho. Ndiyo maana daftari jipya la ratiba husaidia siku mbili tatu, basi. Hatua hizi zinaanzia kwenye kinachokukera.

Hatua ya 1: Vitoe viporo vyote mezani

Chukua karatasi, uandike kila kazi iliyopitisha wiki nzima bila kuguswa. Zile zinazosubiri saini au takwimu za mtu mwingine zitenge. Hizo zimekwama, na dawa yake ni kumfuatilia mhusika. Mbele ya kila iliyobaki, andika kwa maneno machache kinachokuzuia: sijui pa kuanzia, naogopa atakavyosema, inachosha, nataka itoke bila kasoro. Usiandike "sina muda". Kama muda wa kupanga mafaili upya ulipatikana, muda ulikuwepo.

Hatua ya 2: Tibu sababu uliyoiandika

Hapa ndipo penye kazi yenyewe, usipaharakishe.

Kama umeandika *sijui pa kuanzia*, tazama jinsi kazi ilivyoandikwa kwenye orodha yako. "Ripoti ya robo mwaka." Hicho ni kichwa cha habari tu, na hakuna mtu anayeweza kukaa chini akafanya kichwa cha habari. Kiandike upya: "Fungua ripoti ya robo iliyopita, hifadhi nakala kwa jina jipya, futa takwimu za zamani." Hiyo inafanyika ndani ya dakika kumi, na ukishaifanya faili liko wazi mbele yako, nusu ya ugumu umeshaondoka. Kipimo changu ni hiki: mwenzako aliyeajiriwa juzi akisoma ulichoandika, anaweza kuanza bila kukuuliza swali? Kama bado angeuliza, ipunguze zaidi.

Kama umeandika *naogopa*, mara nyingi kuna mtu upande wa pili. Unaufungua ujumbe wake, unasoma mstari wa kwanza, halafu unaurudisha uonekane haujasomwa. Kesho yake vivyo hivyo. Kila siku inayopita unaongeza kosa jingine la kuombea radhi, na hapo ndipo jambo dogo linapogeuka kubwa. Andika jibu fupi bila kujaza anwani ya mpokeaji. Ukijua haliwezi kwenda kwa bahati mbaya, mkono unakuwa mwepesi. Mfano:

"Habari. Vielelezo ulivyoomba havijakamilika, samahani kwa kuchelewa kukujulisha. Utavipata Alhamisi saa nane mchana. Kesho asubuhi nitakupigia nikueleze kilichotokea."

Soma mara moja tu, jaza anwani, tuma. Maelezo marefu ya kujitetea yaache; ndiyo yaliyokuwa yanakuchelewesha.

Anayetaka kazi itoke bila kasoro ana tatizo la kutoionyesha kwa mtu. Mwahidi mwenzako unayemwamini kwamba saa sita mchana utampa rasimu mbovu, na umwambie waziwazi kuwa ni mbovu. Kurekebisha ukurasa uliojaa makosa ni rahisi kuliko kuutazama ukurasa mweupe.

Kwa kazi zinazochosha, kama kuingiza ankara au kupanga kumbukumbu, jiwekee vipindi vya dakika 25 na pumziko fupi katikati. Mbinu hii ilibuniwa na Francesco Cirillo mwishoni mwa miaka ya 1980, akitumia saa ya jikoni yenye umbo la nyanya. Naipenda kwa kazi za kuchosha pekee. Kwa kazi ya kufikiri na kuandika, kengele hulia pale pale mtu anapokolea.

Hatua ya 3: Ifunge kazi kwenye tukio

"Nitaifanya kesho" ni ahadi isiyo na mahali pa kushika. Mwanasaikolojia Peter Gollwitzer amechunguza kwa miaka mingi mipango ya aina ya "likitokea hili, nitafanya lile". Mwaka 2006, yeye na Paschal Sheeran walikusanya matokeo ya majaribio 94, wakaona kwamba mipango hiyo huwasaidia watu kutimiza walichokusudia. Basi andika hivi: "Kikao cha asubuhi kikiisha, kabla sijafungua barua pepe, nitafungua faili la ripoti." Ongeza wa pili kwa ajili ya kishawishi: "Nikijikuta nashika simu, kwanza nitaandika sentensi moja." Miwili inatosha. Ukiweka kumi, hutakumbuka hata mmoja.

Hatua ya 4: Usiamini makadirio yako

Mwaka 1994, Roger Buehler na wenzake waliwauliza wanafunzi wa chuo kikuu wangemaliza tasnifu zao lini. Kwa wastani walikadiria siku 34. Zikawachukua zaidi ya 55. Kwa hiyo ukidhani kazi ni ya siku mbili, ipangie tatu, na tarehe yako ya mwisho iwe kabla ya ile aliyokupa bosi.

Hatua ya 5: Siku ukiteleza

Utateleza. Utafiti wa Michael Wohl, Pychyl na Shannon Bennett wa mwaka 2010 ulihusu wanafunzi walioahirisha kujisomea kwa mtihani wa kwanza. Waliojisamehe walipunguza kuahirisha walipojiandaa kwa mtihani uliofuata. Inaeleweka: ukijilaumu, ile kazi inazidi kunuka na wewe unazidi kuikimbia. Tumelelewa na "linalowezekana leo lisingoje kesho", methali nzuri, ila aliyekwama inamwachia hatia bila kumwonyesha pa kuanzia. Siku iliyoharibika, rudi hatua ya 2, uchague kipande kidogo kuliko kile cha jana.

Lakini kama unaahirisha hata mambo unayoyapenda, usingizi umepotea na hali hiyo imekaa wiki nyingi, mbinu za ofisini hazitoshi. Muone daktari au mtaalamu wa afya ya akili, maana sonona na matatizo ya umakini huweza kuonekana hivi hivi.

Kama wewe ndiye bosi

Acha kuuliza "ile kazi imefikia wapi?" Utajibiwa "inaendelea", na wote wawili mtajua hakuna kitu. Igawe tarehe ya mwisho vipande, na kwa kila kipande uombe kitu kinachoonekana: "Jumanne nionyeshe ukurasa wa kwanza, hata kama haujanyooka." Ukiletewa huo ukurasa haujanyooka, usianze kusahihisha tahajia. Sema kinachofuata ni nini na kinahitajika lini.