Kikaango chepesi cha chapati badala ya chuma kizito: jinsi ya kukichagua na kukiandaa

Kikaango cha chuma cha kusubu cha upana wa sentimita 26 kina uzito wa kilo mbili na zaidi kabla hujaweka hata tone la mafuta. Chuma hicho huyeyushwa na kumiminwa kwenye kalibu. Kina kaboni nyingi, asilimia 2 hadi 4, kwa hiyo hakipindi: kikianguka kwenye sakafu ya saruji hupasuka. Ndiyo maana hutengenezwa kinene, milimita 4 au 5.

Wengi wakichoka kukinyanyua hukimbilia teflon, ile ngozi ya kuteleza inayopakwa vikaangoni. Kwa mayai sawa. Kwa chapati ni kutupa pesa. Teflon huanza kuharibika ikipita nyuzi 260 za Selsiasi, na kikaango kitupu juu ya gesi iliyofunguliwa yote hufika huko ndani ya dakika chache. Chapati nayo hutaka nyuzi 200 hadi 230, kwa hiyo nafasi ya kukosea ni ndogo sana, na kwenye jiko la mkaa, ambako huwezi kuzungusha kitufe kupunguza moto, hakuna kabisa. Teflon ikiungua hutoa moshi unaoweza kuua ndege wa kufugwa ndani. Vikaango vya seramiki huvumilia joto zaidi, ila utelezi wake huisha mapema. Alumini tupu ni nyepesi kuliko vyote, lakini unga huganda, na ile inayosubiwa kutokana na mabaki ya injini na vyuma chakavu imewahi kupimwa na kukutwa na madini ya risasi.

Kinachofanya kazi ya chuma kizito bila uzito wake ni kikaango cha chuma cha shiti: chuma chenye kaboni isiyofika asilimia 1, kilichokandamizwa kuwa bapa, kisha kikakatwa na kugongwa umbo. Hupinda bila kuvunjika, kwa hiyo milimita 2 zinatosha. Bapa la sentimita 28 la unene huo lina takriban kilo 1 bila mpini. La kusubu la milimita 5 linapita kilo 2. Kinachopungua ni akiba ya joto: ukitupa nyama ya baridi nyingi kwa mara moja, kikaango hupoa na nyama huanza kutoa maji. Kwa chapati hilo ni faida, maana ukipunguza moto nacho hupoa upesi.

Unene ndio wa kuangalia kwanza. Mafundi hutaja geji, yaani namba ya unene wa shiti, na kadiri namba inavyopanda ndivyo chuma kinavyokuwa chembamba, kama ilivyo kwa mabati ya kuezekea. Geji 16 ni milimita 1.6 hivi, geji 14 ni 2, geji 12 ni 2.6. Chukua geji 14. Ya 16 itapinda katikati ukiipasha kwa moto mkali, halafu mafuta yatakimbilia pembeni na chapati itaungua kitovuni. Ya 12 ni nzuri sana, ila unaanza kuurudia uzito ulioukimbia.

Ukiagiza kwa fundi, kama wale wa Kamukunji jijini Nairobi, uliza chuma kimetoka wapi. Kataa shiti iliyopakwa zinki, ile yenye rangi ya kijivu inayong'aa na maua maua: zinki huingia kwenye chakula chenye uchachu na hutoa moshi mbaya ikipata moto mkali. Kataa pia pipa lililokatwa, kwani hujui lilibeba nini. Kisha kiweke kikaango juu ya kioo au kigae na ukibonyeze ukingoni. Kikiyumba au kikizunguka kama pia, tako lake limevimba. Kwenye gesi utavumilia, kwenye jiko la umeme la bapa hapana. Mpini uwe wa chuma, uliogongewa ribiti mbili au tatu. Plastiki haina maisha juu ya mkaa.

Kikaango kipya hufika kikiwa na mafuta au nta ya kuzuia kutu. Hiyo lazima itoke yote: maji ya moto, sabuni, stilwaya, mpaka kidole kisiteleze tena. Kikaushe juu ya moto, si kwa kitambaa peke yake, kwa sababu kutu huanza ndani ya saa moja.

Sasa kichome mafuta, yaani yaunguze juu yake mpaka yawe ngozi ngumu isiyoshika chakula. Tumia mafuta ya alizeti. Mafuta ya nazi na yale ya mgando hayafai hapa, kwa kuwa hayakauki kuwa ngozi ngumu; hubaki mafuta tu. Pasha kikaango hadi kiwe moto kiasi, tia kijiko kimoja cha chai, pakaza kwa kitambaa cha pamba kote, hata nyuma. Halafu chukua kitambaa kikavu ufute kana kwamba ulikosea kupaka. Kinachobaki baada ya hapo ndicho kinachotakiwa. Fungua madirisha, ongeza moto, acha kitoe moshi hadi moshi ukome. Chuma kitageuka rangi ya majani makavu, kisha buluu, kisha hudhurungi. Kiache kipoe kidogo, rudia mara tatu au nne. Kikinata kama gundi kikishapoa, uliacha mafuta mengi. Kirudishe motoni hadi ukavu upatikane, au sugua uanze upya.

Wakati wa kupika, nyunyiza matone ya maji. Yakichemka na kuisha palepale, bado. Yakikusanyika na kukimbia juu ya chuma, kiko tayari. Yai linaloganda karibu kila mara limewekwa kwenye kikaango ambacho hakijapata moto, au limegeuzwa kabla halijajiachia lenyewe. Mwiko wa chuma hauna shida.

Nyanya, ndimu na ukwaju pikia kwenye sufuria nyingine, hasa mchuzi wa kuchemka muda mrefu, maana uchachu hula ile ngozi na chakula huwa na ladha ya chuma. Usimwagie maji baridi kikiwa cha moto. Hata geji 12 hupinda hivyo. Osha kwa maji ya moto na brashi, sabuni kidogo haidhuru, ila usikiloweke. Wakazi wa pwani wakipake mafuta kidogo kabla ya kukiweka kabatini, kwani hewa ya chumvi haisubiri. Kutu ikitokea, isugue kwa stilwaya mpaka chuma kionekane, kausha motoni, na uchome mafuta mara mbili pale palipobanduka.