Laptopu na simu used kwa hela ndogo: unavyoweza kununua Kariakoo bila kupigwa

Mdogo wangu wa kike alipopata chuo, nyumbani tulijichanga tukafikisha laki saba, hiyo ndo hela ya laptopu na simu vyote viwili, na mimi nikapewa kazi ya kwenda kununua Kariakoo, Dar es Salaam. Siku ile nilijifunza vitu vingi, vingine kwa kuumia, na tangu hapo kila mtoto wa ndugu akitaka mashine napigiwa simu mimi. Kwa hiyo naandika yote niliyonayo, maana hela ya kuungaunga ikipotea inauma sana, hasa ikiwa ni ya kuchangiwa.

Kabla hujapanda daladala gawa hela kwanza. Kama ya laptopu ni laki tano, tafuta mashine ya laki nne na nusu kushuka chini, hiyo hamsini inayobaki ina kazi yake, chaja, SSD (diski ya kisasa yenye kasi) au RAM (kumbukumbu ya kufanyia kazi) ya kuongezea. Laptopu used karibu zote nilizonunua zilidai kitu ndani ya mwezi wa kwanza, na ukiwa umemaliza hela yote dukani basi inakaa kabatini inasubiri.

Alafu nenda asubuhi, na uende na vitu vyako: flashi, hedifoni, simu yenye bando ya kurushia intaneti, na laini ya simu ya ziada. Ukishuka tu mawinga, wale madalali wa mtaani, watakupokea, wengine ni watu wazuri na wanajua maduka kweli, ila jua kwamba ela ya winga inaongezwa juu ya bei yako, kwa hiyo kama unaweza zunguka mwenyewe maduka matatu manne uulize bei bila kununua, utashangaa mashine ileile inatofautiana elfu themanini kwa umbali wa milango miwili.

Sasa kwenye laptopu. Utaambiwa "hii Core i5 bosi, moto huu". Hilo ni jina la prosesa, yaani ubongo wa mashine, ila Core i5 peke yake haikuambii kitu, angalia namba inayofuata baada ya kistari. i5-6300U, ile 6 ya mwanzo ni kizazi cha 6, i5-8350U ni kizazi cha 8, i5-10310U ni cha 10. Kuna watu wanauziwa i7-3520M, mashine ya 2012, kwa bei inayokaribia i5 ya kizazi cha 8, wanatoka na furaha wamepata i7 kumbe wamebeba kitu kizee kinachoachwa mbali. Na stika iliyobandikwa pale unapolaza mikono ukiandika usiiamini, stika inanunuliwa. Bonyeza Ctrl, Shift na Esc kwa pamoja, ikifunguka Task Manager nenda kwenye Performance, hapo utaona jina kamili la prosesa, RAM ni ngapi na inakaa kwenye nafasi ngapi, na diski kama ni SSD au ni ile ya kuzunguka.

Mimi nasema jitahidi ufike kizazi cha 8, na sababu ni mbili. Ya kwanza, i5 za laptopu hizi nyembamba za ofisini mpaka kizazi cha 7 zilikuwa na kori mbili (kori ni kama mfanyakazi ndani ya prosesa), kuanzia i5-8250U na wenzake zikawa nne, hiyo tofauti utaiona ukifungua vitu vingi kwa mpigo. Ya pili, Microsoft waliacha kuihudumia Windows 10 tarehe 14 Oktoba 2025, na Windows 11 kwa upande wa Intel wanaikubali rasmi kuanzia kizazi cha 8 kwenda juu. Muuzaji anaweza kukuonyesha mashine ya kizazi cha 6 yenye Windows 11, inawezekana kweli, wanailazimisha, ila Microsoft hawakuahidi kwamba apdeti zitaendelea kuja humo.

Kwa hiyo majina ya kuulizia ni HP EliteBook 840 G5, Lenovo ThinkPad T480, Dell Latitude 5490 au 7490. Hizi zilikuwa mashine za maofisini huko Ulaya na Marekani, kampuni zikibadilisha zinauzwa kwa jumla ndo zinafika kwetu, wengine wanapitishia Dubai. Nazipenda kuliko zile za majumbani zenye rangi nzuri kwa sababu ukifungua skrubu za chini unafika kwenye RAM, diski na betri, na fundi yeyote ameshazifungua mara nyingi, kibodi na bawaba zake zinapatikana. RAM zake zinachomoka pia, kwa hiyo unaweza kununua yenye GB 8 leo ukaongeza baadaye. Hela ikigoma kabisa chukua 840 G3 au T470, weka SSD na Linux Mint (mfumo wa bure unaokaa badala ya Windows), kwa kuandika kazi za chuo na kuingia intaneti itakutosha vizuri tu. Ila usikubali laptopu yenye diski ya kuzunguka bila kupunguziwa bei ya SSD, ule uzito wa kuwaka dakika tatu mara nyingi ni diski wala siyo prosesa.

Kupima ndo penyewe, na hapa usione aibu kukaa dakika thelathini, muuzaji mwenye mali safi atakuacha ukae. Anza ikiwa imefungwa: iweke juu ya kioo cha kaunta, bonyeza kona moja moja, kama inacheza kama meza mbovu au pale pa kusogezea mshale kwa kidole pamevimba, betri imevimba ndani, achana nayo, hiyo ni hatari. Ifungue na kuifunga polepole usikilize bawaba. Iwashe, na wakati inawaka ingia kwenye BIOS (setingi za mashine yenyewe kabla Windows haijawaka), HP ni F10, ThinkPad ni F1, Dell ni F2, ikidai paswadi ambayo muuzaji haijui irudishe, mashine za kampuni zina kufuli zinazosumbua mpaka fundi anakata tamaa.

Ikishawaka chomoa chaja, ibaki kwenye betri muda wote unaopima. Fungua Notepad ugonge kila kitufe, kila kimoja, hata vile usivyotumia. Chomeka flashi kwenye kila tundu, hedifoni, washa kamera, unganisha waifai ya simu yako, alafu fungua ukurasa mweupe mtupu ujaze skrini yote uone madoa na vivuli. Baada ya hapo kuna kitu ambacho wengi hawakijui, fungua Command Prompt (kile kidirisha cheusi cha kuandikia amri) andika powercfg /batteryreport, itakuambia faili limehifadhiwa wapi, lifungue. Tafuta DESIGN CAPACITY na FULL CHARGE CAPACITY. Ile ya kwanza ni betri ilivyozaliwa, ya pili ni inachobeba leo. Kwenye 840 G5 niliyoanza kuishika siku ile, DESIGN ilikuwa karibu 50,000 na FULL CHARGE 21,000, yaani chini ya nusu, huku muuzaji anasema inakaa saa sita. Nikamwonyesha bila kugombana, akashusha elfu arobaini mwenyewe, ila nikachukua ya pembeni yake yenye 41,000. T480 nyingi zina betri mbili, ya ndani na ya nje, kwa hiyo soma zote mbili.

Kwenye simu ndo niliumia. Nilipata Samsung ndogo safi, kioo hakina hata mkwaruzo, bei chini kuliko kote nilikopita, nikaiwasha ikafanya kazi nikalipa. Siku ya tatu mdogo wangu ananipigia kwa simu ya rafiki yake analia, simu imejifunga, kioo kizima kimejaa maandishi kwamba ni ya mkopo na inadaiwa. Aliyeiuza hakupokea tena. Mtu alikuwa ameikopa, akalipa kidogo, akaiuza.

Kwa hiyo simu ya Android usiinunue kabla haijafutwa yote mbele yako. Mwambie muuzaji aondoe akaunti yake ya Google kwanza, alafu aifute kupitia setingi, weka intaneti yako uianzishe kwa akaunti yako mpaka ifike mwisho. Ikidai akaunti ya zamani, au ikitaja kwamba inasimamiwa na kampuni, iache hapohapo. Ikipita, ingia setingi sehemu ya usalama uangalie programu zenye mamlaka ya kuisimamia simu, ukiona jina la ajabu la mkopo uliza. Kwenye Samsung piga *#0*#, kwenye nyingi inafungua menyu ya kupimia, jaza rangi nyekundu, kijani na buluu uone kama kioo kina mstari au kivuli cha picha iliyoganda.

iPhone: hakikisha Find My (ile ya kutafutia simu iliyopotea) imezimwa na mwenyewe ameondoa akaunti yake, maana kufuli la iCloud halina dawa ya uhakika. Betri ikionyesha asilimia 100 kwenye simu ya miaka mitano, jiulize imebadilishwa lini, kwenye About kwa matoleo ya karibuni panaonyesha kama betri au kioo kimebadilishwa na kama ni cha Apple wenyewe. Umri nao uuangalie, iPhone X na 8 ziliishia iOS 16 (iOS ndo mfumo wa iPhone), XR na XS hazikupata iOS 26, na tangu Mei 2025 WhatsApp haifanyi kazi kwenye iPhone 5s, 6 na 6 Plus, kwa hiyo bei yake hata ikiwa elfu hamsini usishawishike.

Simu yoyote ile piga *#06#, linganisha IMEI, yaani namba ya utambulisho ya simu, na iliyo kwenye boksi kama lipo, alafu itume kwa SMS kwenda 15090, utajibiwa ni simu ya aina gani. Wakijibu jina tofauti na unachokishika mkononi, basi. TCRA, mamlaka ya mawasiliano, walizima simu feki Juni 2016 na watu wengi walibaki na plastiki mkononi. Weka laini yako upige mtu, umsikie na akusikie.

Ukilipa dai risiti yenye jina la duka na IMEI au serial namba iliyo chini ya laptopu, siku za waranti ziandikwe kwa peni, mdomo haushikiki. Hii inakulinda pia ikitokea kitu kiliibiwa na polisi wakakifuatilia mpaka kwako. Mtu anayetaka mkutane stendi, hana duka, hana risiti, hata akikupa kwa nusu bei mwache aende.

Na zile siku za waranti zitumie kweli, mashine ikae imewaka saa nne tano na video, uone kama inazima yenyewe au feni inapiga kelele, chaji na utoe chaji, pigia simu ndefu. Laptopu ya mdogo wangu siku ya pili ilianza kukataa waifai ikipata joto, tukairudisha na risiti yetu, wakabadilisha kadi ya waifai palepale bila kudai hata mia.