Jinsi ya Kuomba Usiri Unapowasilisha Maoni kwa Mamlaka ya Udhibiti

Mamlaka ya Udhibiti wa Huduma za Nishati na Maji (EWURA), yenye makao makuu hapa Dodoma, huitisha taftishi, yaani uchunguzi wa kukusanya maoni ya watu, inapopokea ombi la kubadilisha bei, na mwananchi anaweza kutoa maoni yake mkutanoni au kwa maandishi. Taftishi ni shughuli ya hadhara. Chukulia kwamba barua yako itasomwa na wengine, akiwamo mtoa huduma unayemlalamikia, isipokuwa umeomba mapema isitolewe. Ombi linalofika baada ya maoni kusambazwa huwa limechelewa.

Anza kwa kusoma tangazo lote, uone tarehe ya mwisho, anuani ya kuwasilisha, na kama majina ya watoa maoni yatatajwa.

Hatua ya pili ndiyo inayohitaji utulivu zaidi, nayo ni kutenganisha hoja na taarifa zako binafsi. Mkazi wa Nkuhungu anayeeleza kwamba maji hutoka usiku tu hahitaji kuandika namba ya kitambulisho cha taifa wala namba ya mita, kwa kuwa mtaa na siku za mgawo vinatosha kuibeba hoja yake. Lakini mama anayemuuguza mgonjwa nyumbani, au msindikaji wa zabibu wa Hombolo anayeonyesha gharama zake halisi za umeme, hawezi kuieleza hoja vizuri bila kugusa siri. Huyo aziweke taarifa hizo kwenye kiambatisho cha peke yake. Nakushauri usiombe usiri wa barua nzima, kwa maana hoja isiyoweza kuonyeshwa hadharani ni vigumu kujibiwa hadharani, na ombi pana mno ni rahisi kukataliwa.

Katika barua ya maombi, chini ya anuani, andika: “Yah: Ombi la usiri wa Kiambatisho A.” Taja kurasa na aya zinazohusika, kisha ueleze madhara yatakayotokea zikitolewa: mshindani kuijua bei yako, kwa mfano, au hali ya afya ya mtu kujulikana mtaani. Kusema tu kwamba ni siri hakutoshi. Ongeza sentensi ya kuomba ujulishwe kabla ya uamuzi wowote wa kuzitoa, ili upate nafasi ya kujieleza. Jina lako liweke; kuomba usiri si kujificha kwa Mamlaka, na barua isiyo na mwenyewe haina wa kuulizwa ufafanuzi.

Andaa nakala mbili, moja kamili na nyingine ya kuonyeshwa umma. Katika nakala ya umma usifunike maneno kwa rangi nyeusi kwenye kompyuta, kwa sababu mara nyingi maandishi hubaki chini yake na huweza kunakiliwa. Yafute kabisa, uandike “imeondolewa”, kisha uhifadhi faili upya.

Nakala kamili itie kwenye bahasha iliyofungwa, yenye neno SIRI juu yake, uipeleke masjala na kugongewa muhuri wa mapokezi kwenye nakala utakayobaki nayo. Ukienda pia mkutanoni, usiyataje kwa mdomo yale uliyoombea usiri.

Ikiwa taarifa zako binafsi zitatolewa bila ridhaa yako wala msingi wa kisheria, unaweza kulalamika kwa Tume ya Ulinzi wa Taarifa Binafsi, iliyoanzishwa kwa sheria ya mwaka 2022, ukiambatanisha ile nakala yenye muhuri.