Kuunganisha Nyimbo za Bendi za Uingereza kwa Santuri, Hatua kwa Hatua

Mwongozo huu nimeuandika baada ya kumsaidia binamu yangu kujifunza kuunganisha santuri mbili bila muziki kukatika. Miongozo mingi hufundisha kwa muziki wa hausi na tekno, ambao mapigo yake hutoka kwenye mashine na hayabadiliki tangu mwanzo hadi mwisho. Anayezipenda The Clash, The Smiths, The Specials na Joy Division anahitaji mbinu za ziada, kwa sababu nyuma ya nyimbo hizo yupo binadamu anayepiga dramu, na binadamu huongeza kasi kidogo anapofika kwenye kiitikio. Kwangu mimi, hapo ndipo raha ya kazi hii ilipo.

Hatua ya kwanza: vifaa. Tafuta mashine mbili za santuri ambazo mota yake huzungusha sahani moja kwa moja, bila mkanda. Technics SL-1200MK2, iliyotoka mwaka 1979, bado ndiyo ninayoipendekeza kuliko zote, hata ikiwa imeshatumika. Mashine ya mkanda siishauri kabisa kwa kazi hii: ukiishika santuri kwa kidole, sahani iliyo chini yake hupunguza kasi na huchelewa kuirudia. Miksa ya njia mbili yenye tundu la hedifoni inatosha. Sindano iwe ya ncha ya mviringo, ambayo huvumilia santuri kurudishwa nyuma kwa mkono, na uzito unaoikandamiza kwenye santuri ufuate maelekezo ya mtengenezaji. Sindano nyingi za madijei hutaka gramu 3 au zaidi kidogo.

Hatua ya pili: kuchagua santuri. Anza na singo za inchi 12, yaani santuri kubwa zenye wimbo mmoja au miwili tu. Albamu yenye zaidi ya dakika 20 kila upande huwa na mifereji iliyobanana, hivyo sauti yake huwa ndogo, na wimbo wa mwisho, ulio karibu na lebo, hupoteza ung'avu kwa sababu huko mfereji hupita chini ya sindano kwa mwendo mdogo kuliko ukingoni.

Jozi ninayompa kila anayeanza ni "Another One Bites the Dust" ya Queen, ya mwaka 1980, na "Fools Gold" ya The Stone Roses, ya mwaka 1989. Queen ni bendi ya Freddie Mercury, aliyezaliwa Zanzibar mwaka 1946, lakini sababu yangu hapa ni ya kiufundi: kipande cha dramu cha Roger Taylor kilirekodiwa kisha kikarudiwarudiwa, kwa hiyo mapigo hayayumbi. "Fools Gold" nayo imejengwa juu ya kipande cha dramu kinachojirudia. Ya kwanza ina mapigo kama 110 kwa dakika na ya pili imeizidi kidogo tu.

Hatua ya tatu: kuhesabu. Hesabu mapigo ya sekunde 30, kisha zidisha kwa 2. Usihesabu katikati ya wimbo. Hesabu mwisho wa ule unaotoka na mwanzo wa ule unaoingia, kwa maana hapo tu ndipo zitakapokutana. Andika namba kwa penseli kwenye kipande cha karatasi ukiweke ndani ya jalada.

Hatua ya nne: kutega. Tafuta pigo la kwanza la wimbo unaoingia kwenye hedifoni, shikilia santuri, iachie pigo la kwanza la mstari (kundi la mapigo manne) linapofika kwenye wimbo unaosikika.

Hatua ya tano: kuziweka pamoja. Hatua hii ndiyo inayokula saa nyingi kuliko zote, na inafaa uielewe vizuri kabla ya kulaumu mashine.

Kitelezi cha kasi kwenye Technics huongeza au kupunguza hadi asilimia 8. Wimbo wa mapigo 126 utafika 130 kwa kuongeza asilimia 3.2 hivi, lakini wa 112 hata ukisukumwa hadi mwisho utaishia 121. Kumbuka pia kwamba kasi ikibadilika sauti nayo hubadilika: asilimia 6 hupandisha wimbo kwa karibu nusu toni, na mwimbaji ambaye wasikilizaji wanaijua sauti yake ataonekana mgeni. Kwa nyimbo zenye uimbaji mimi sivuki asilimia 4.

Santuri zikianza kuachana, utasikia dramu mbili zikigonga mfululizo kama michi miwili ndani ya kinu kimoja. Kwanza tambua ni ipi iliyotangulia. Sikiliza pigo la dramu ndogo, ambalo ni kali na fupi, wala usisikilize besi. Kama inayoingia imetangulia, gusa ukingo wa sahani kwa ncha ya kidole, kwa wepesi, hadi mapigo yawe moja. Kama imechelewa, isukume mbele kwenye lebo. Kisha, na wengi huliacha hili, rekebisha kitelezi kidogo kuelekea upande huohuo, la sivyo tatizo litarudi baada ya muda mfupi. Usiiguse santuri ambayo watu tayari wanaisikia, hasa mtu anapoimba, kwa sababu sauti yake itapinda na kila mtu ataisikia.

Kwa nyimbo za dramu za binadamu, hata kitelezi kikiwa sawasawa, mapigo yatasogea. Linganisha kazi mbili za mpigaji mmoja, Stephen Morris: "Love Will Tear Us Apart" ya Joy Division, ya mwaka 1980, ambamo anapiga mwenyewe, na "Blue Monday" ya New Order, ya mwaka 1983, ambayo dramu yake ni ya mashine ya Oberheim DMX na hukaa kwenye 130. Ya pili unaweza kuichanganya kwa dakika nzima. Ya kwanza nairuhusu ikutane na nyingine kwa mapigo 16 tu, kidole kikiwa tayari kwenye sahani muda wote. Kariri pia ni wapi kila wimbo unakimbia.

Hatua ya sita: kukabidhi. Besi mbili zisisikike kwa pamoja. Punguza ya inayoingia, kisha ubadilishane mwanzoni mwa mstari mpya.

Nyimbo nyingine hazikubali kuunganishwa kwa mapigo, na si lazima. "Ghost Town" ya The Specials wa Coventry, iliyoongoza chati za Uingereza mwaka 1981, ni ya mwendo wa taratibu wa rege na sauti yake hufifia mwishoni. Iache ififie, na "Blue Monday", ambayo huanza kwa dramu peke yake, iingie kwa sauti kamili.